Filta za jedwali la spea: wauzaji hawazigusi, nimekosea wapi?

kodi_tandika:
Wakuu habari za jioni. Nimetengeneza mfumo wa stoo kwa duka moja la spea pale Gerezani, Kariakoo. Ni jedwali moja kubwa, mistari kama 6,200, na kila kolamu nimeiwekea kisanduku chake cha kutafutia: namba ya kifaa, maelezo, chapa, chasisi, injini, rafu, tarehe ya kuingia, bei na mengine. Visanduku 11. Nilijiona nimemaliza kazi.

Jumamosi nikaenda kushinda kaunta nione wanavyoutumia. Hawautumii. Mteja akiuliza, muuzaji anapaza sauti, "Dogo, shokapu za mbele za IST zipo?" na dogo wa stoo anajibu kutoka juu. Kompyuta imewashwa, inapiga taarabu. Nikamwomba muuzaji mmoja ajaribu mbele yangu. Akabofya kitufe nilichokiandika "Filta", akakodoa macho, akauliza mbona filta za oili hazitokei. Nilicheka. Baadaye nikaona hakuna cha kuchekesha.

Kuna mawili mengine. Nikiweka tiki IST na Noah kwa pamoja, jedwali linakuwa tupu. Na kwenye simu ya bosi ukurasa unasota mpaka anaufunga, halafu lawama za bando nabeba mimi. Natumia DataTables (maktaba ya JavaScript ya kuonyesha majedwali), data yote naipakia kwa mpigo, databesi ni PostgreSQL. Nianzie wapi?

binti_wa_seva:
Angalau taarabu haikwami 😂
La tiki mbili ni rahisi. Umeunganisha kila kitu kwa AND, kwa hiyo unatafuta kifaa ambacho gari lake ni IST na hapohapo ni Noah. Ndani ya kundi moja tumia OR, kati ya kundi na kundi ndiyo AND. (IST au Noah) na (kipo stoo).

mzee_wa_mistari:
Mdogo wangu, mimi niliwahi kufanya kosa hilohilo kwenye duka la dawa, ila yangu yalikuwa visanduku 14, kwa hiyo usijali sana.

Visanduku vyako vimefuata kolamu za databesi. Mteja wa Gerezani haulizi kwa kolamu. Anataja gari kwanza, kisha kifaa, kisha "mpya au used?", mwisho bei. Kwa hiyo weka kisanduku kimoja kikubwa cha kuandika, na chini yake machaguo matatu tu: gari, hali, kipo stoo. Mengine yafiche nyuma ya kitufe cha "Zaidi". Akichagua IST, muulize injini. Chasisi ya NCP60 inabeba injini ya 2NZ na NCP61 inabeba 1NZ, na fundi anaijua injini kuliko mwaka wa gari. Kila alichochagua kionekane juu ya jedwali kikiwa na alama ya x ya kukiondoa, maana mtu akisahau kwamba bado kuna tiki ya "used", atamwambia mteja mzigo umeisha na mzigo upo.

Kuhusu kasi, mistari 6,200 kwa PostgreSQL si kitu. Kinachokuumiza ni kuisukuma yote kwenye simu. Washa serverSide kwenye DataTables, yaani kutafuta na kupanga kufanyike kwenye seva, nayo seva itume mistari 25 kwa mara. Usitume ombi kwa kila herufi, subiri milisekunde 300 kidole kitulie. Na ombi la zamani lifute: jibu la "sho" likichelewa njiani na kufika baada ya jibu la "shokapu", jedwali linaweza kuonyesha uongo.

kodi_tandika:
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Ila maelezo ya vifaa yametoka kwenye ankara za wauzaji wa jumla, yote Kiingereza. Kwenye databesi ni "shock absorber", wao wanaandika shokapu. Na mmoja anaandika "bleki" badala ya breki.

binti_wa_seva:
Tumia pg_trgm, kiongezo cha PostgreSQL. Inakata neno kwa vipande vya herufi tatu na kupima mfanano. Hata LIKE (amri ya kutafuta kipande cha neno) yenye alama ya asilimia pande zote mbili itapata indeksi ya kutumia, haitapekua mstari kwa mstari.

mzee_wa_mistari:
Marahaba. Binti yuko sahihi kwa makosa ya herufi, lakini hata hapo ni padogo: breki na bleki zinafanana 0.33 (1 ni sawasawa kabisa), na kizingiti cha kawaida ni 0.3, limepenya kwa tundu la sindano. Jina likiwa refu, "breki pedi za mbele", mfanano unashuka na haliji. Na shokapu dhidi ya Kiingereza chake, hakuna hesabu ya herufi itakayokuokoa. Tengeneza jedwali dogo la majina ya mtaani, kifaa kimoja majina mengi, bleki nayo uiweke humo, utafute kote kuwili. Majina atakupa dogo wa stoo. Kaa naye siku nzima na daftari, mnunulie chai.

kodi_tandika:
Mrejesho baada ya wiki mbili. Majina 340 kwenye daftari, chai na chapati mimi nimelipa. Kitufe sasa kinasomeka "Chagua gari". Niligongana na kitu kingine: ukiwa ukurasa wa 9 ukachagua gari, jedwali linakuja tupu kwa sababu matokeo yana kurasa 2 tu. Sasa kila chaguo linarudisha ukurasa wa kwanza. Simu ya bosi inafungua.

Limebaki neno moja, "bushi". Akiliandika peke yake yanakuja matokeo 148. Nimuulize gari kwanza kabla ya kuonyesha chochote, au nimwachie?

mzee_wa_mistari:
Mwachie, usimzuie. Onyesha magari juu ya matokeo, kila gari na idadi yake: IST 31, Noah 22. Atabonyeza mwenyewe.