Tupeane uzoefu: Parokia ya Earley, karibu na Reading, Uingereza (historia, ziwa na bustani za kukodi)

Mleta mada
Wakuu, wengi wanaohamia upande huu wa Reading hukuta parokia imetajwa kwenye karatasi ya kodi ya halmashauri, wakadhani ni sadaka ya kanisa. Siyo. Sheria ya serikali za mitaa ya 1894 ilitenga kazi za kiserikali za parokia na zile za kanisa. Parokia ya kiserikali ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa: ina madiwani, karani na fungu lake ndani ya kodi hiyo, na baraza la Earley linajiita la mji kwa sababu sheria ya 1972 inaruhusu. Zamani Earley ilikuwa chini ya kanisa la Sonning; St Peter's ilijengwa 1844. Nyumba za Lower Earley ni za juzi tu, mwishoni mwa miaka ya 1970 kuendelea. Mnaopajua, mwageni mnachokijua.

Mtembezi
Anzeni na ziwa la Maiden Erlegh. Lilikuwa ndani ya shamba la Solomon Joel, tajiri wa almasi za Afrika Kusini, mpwa wa Barney Barnato, tajiri mwenzake wa almasi. Joel alilinunua shamba hilo 1903. Farasi wake Pommern alitwaa mataji matatu makubwa ya mbio za farasi mwaka 1915. Jumba lilibomolewa 1960, ziwa na msitu vikabaki, na leo ni hifadhi chini ya baraza la mji. Udongo ni mfinyanzi: kuanzia Novemba vaeni buti za mpira.

Jembe
Kwangu uzuri wa parokia ni bustani za kukodi, yaani viwanja vya baraza ambavyo mkazi hukodi alime mboga. Muombe karani akuandikishe kwenye foleni. Kiwanja kizima kwa desturi ni rodi 10, kama mita za mraba 250. Anayeanza achukue nusu, maana kizima kikishaota magugu mwezi Juni hukimudu tena. Mazao ni ya familia, si ya biashara. Kodi ya kiwanja ikichelewa siku 40, sheria ya bustani hizi ya 1908 inaruhusu upewe notisi ya mwezi mmoja uondoke. Na pasipo na bustani, wapiga kura sita wakiandika pamoja, baraza linalazimika kulizingatia ombi lao.

Mama Shamba
Ndugu Jembe, tuongeze mazao. Sukuma wiki: sia mbegu Aprili kwenye vikasha, hamisha miche mwisho wa Mei, sentimita 45 kwa 45, kandamiza udongo kwa kisigino, la sivyo upepo unaing'oa. Adui ni njiwa mwitu. Wavu ukae juu ya matao. Wavu ukigusa majani, njiwa wanadonoa kupitia matundu. Mizizi ikivimba kama tangawizi, ni ugonjwa unaopenda udongo wenye asidi: weka chokaa vuli iliyotangulia, na usirudie zao hilo au kabichi mahali hapo.

Mahindi: msilete mbegu za nyumbani. Zimezoea siku fupi. Kiangazi cha Uingereza siku ni ndefu mno, mmea unarefuka bila kutoa mbelewele mpaka Septemba, kisha jalidi inaua. Nunueni mahindi matamu ya muda mfupi, pandeni kwa mraba, nne kwa nne, si mstari mmoja. Kila unywele wa hindi unahitaji chavua ili utoe punje yake, na chavua huletwa na upepo. Mstari mmoja unatoa magunzi yenye mapengo.

Diwani Mtarajiwa
La mwisho, wengi hawalijui: raia wa Jumuiya ya Madola (Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda) mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kupiga kura za mitaa, akishajiandikisha. Kugombea kunataka ukaazi wa kudumu au hali isiyohitaji kibali. Tangazo la kikao cha baraza hutolewa siku tatu kamili kabla, siku ya tangazo na ya kikao hazihesabiwi. Hoja kama ya foleni ya bustani mpelekee karani mapema, kwa maandishi, kwa sababu baraza haliwezi kuamua jambo lisilo kwenye ajenda.