Naomba ushauri: kesi ya mdogo wangu, tumwendee mbunge au mwendesha mashtaka?

Mleta uzi:
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu ameshtakiwa kwa kukutwa na dawa za kulevya, na kifungu kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka kina adhabu ya chini ambayo hakimu haruhusiwi kuishusha. Wazee wa familia wanataka tumwendee mbunge aagize kesi ifutwe. Mimi naona wakili aanze na mwendesha mashtaka. Ni nani hasa mwenye uwezo wa kutusaidia?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana, ndugu yangu. Mbunge hushiriki kutunga sheria inayosema lipi ni kosa na adhabu yake ni ipi, lakini hana mamlaka ya kuagiza jalada la mtu lifungwe. Kushtaki, kubadili shtaka au kuliondoa ni kazi ya mwendesha mashtaka, na Miongozo ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa Havana mwaka 1990 inamtaka asiendelee na kesi pale uchunguzi usio na upendeleo unapoonyesha kuwa shtaka halina msingi. Wakili aandike barua yenye hoja za ushahidi: kielelezo kilipita mikononi mwa nani tangu kilipokamatwa, na je, uzito uliorekodiwa na polisi unalingana na ule wa mkemia?

Mchangiaji wa pili:
Hapo kwenye uzito msipapuuze hata kidogo. Bunge likishaweka adhabu ya lazima, hakimu hufungwa mikono, na nguvu ya kuamua adhabu huhamia kwa anayechagua kifungu cha kushtakia, jambo ambalo kwangu ni la hatari. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1986 iliweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa mwuzaji wa gramu 5 tu za kokeini aina ya kreki, ilhali kwa kokeini ya unga zilihitajika gramu 500. Mwaka 2010 kiwango cha kreki kilipandishwa hadi gramu 28, lakini waliokwisha kuhukumiwa walisubiri sheria nyingine ya mwaka 2018.

Mleta uzi:
Nawashukuru sana. Basi niwaambie wazee waachane kabisa na mbunge?

Mchangiaji wa pili:
Hapana, wamwone, ila wamwombe apiganie marekebisho ya sheria yenyewe. Ibara ya 15 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inataka mkosaji anufaike iwapo sheria mpya itapunguza adhabu baada ya kosa kutendeka. Hata hivyo, muswada huchukua muda mrefu. Barua ya wakili itangulie, na ifike kabla mashahidi hawajaanza kusikilizwa.