Deni la 2016: mdai bado anaweza kunishtaki?

Mchuuzi_Arua: Habari zenu wakubwa. Mwaka 2016 nilichukua mchele na sukari kwa mali kauli kutoka kwa mzee mmoja hapa Arua, mzigo wa milioni 14, nikaupeleka Juba. Tulikubaliana nimlipe kufikia Desemba. Julai vita vikazuka kule, ghala likavunjwa, sikurudi na kitu. Miaka imepita, na wiki iliyopita nikaletewa barua ya wakili wake. Kuna mtu ameniambia deni likipita miaka sita limekufa. Ni kweli? Niinyamazie tu hiyo barua? Usingizi sipati.

Karani_Malaba: Sheria ya ukomo ya Uganda inampa mdai wa deni la makubaliano miaka 6, ikihesabiwa tangu siku uliyopaswa kulipa. Kwako ingeisha Desemba 2022. Ikipita, mahakama haipokei kesi, ingawa kukudai kwa mdomo hakuna anayemzuia. Ila nijibu kwanza: tangu 2016 umewahi kumlipa chochote, au kuandika popote kwamba anakudai?

Mzee_Bombo: Mwanangu, dawa ya deni kulipa. Kaka yangu alipofariki, kabla jeneza halijainuliwa, imamu aliuliza nani anamdai marehemu. Wakanyoosha mikono watatu, watoto wake wakitazama. Mkubwa alikuwa darasa la saba. Mambo ya miaka sita waachie mawakili, wewe fikiria wanao.

Mama_Lira: Na sisi tunaodai mtuhurumie. Nilimkopesha shoga yangu milioni 3 za ada mwaka 2014. Nikaona aibu kumbana, kila tukikutana sokoni ananikumbatia, nanyamaza. Baadaye nikaambiwa madai yasiyozidi milioni 10 yana utaratibu wake mahakamani, hata wakili huhitaji. Nikaenda kuuliza kwa anayejua sheria. Alisoma tarehe, akanirudishia karatasi. Nilichelewa. Mpaka leo naumia.

Boda_Mbale: Rudi Juba ndugu, wakufuate huko 😂

Karani_Malaba: Mchuuzi, hujanijibu.

Mchuuzi_Arua: Sawa. Mwaka 2019 nilimtumia laki tano kwa simu, lakini ile ilikuwa ya matibabu, alikuwa anaumwa. Halafu Agosti 2021 alikuja nyumbani na mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji. Mama yangu alikuwa amekaa pale barazani, mgonjwa. Nikatia sahihi ili waondoke. Imeandikwa kwa mkono tu: anadaiwa 13,500,000, atalipa akipata. Sasa karatasi ya namna hiyo ni mkataba kweli? Na kiwanja changu nimeshamwandikia mdogo wangu kwamba nimemuuzia. Msinilaumu, nina watoto.

Karani_Malaba: Milioni 14 ukitoa laki tano ni 13,500,000. Hesabu uliyoitilia sahihi wewe mwenyewe inasema ile laki tano ilikuwa malipo ya deni. Malipo ya sehemu, au maandishi ya kukiri deni yenye sahihi ya mdaiwa, huanzisha miaka 6 upya. Hata yakiandikwa kwa kalamu ya risasi.

Mchuuzi_Arua: Lakini mwenyekiti yule alishafariki, na mzee amebaki na kopi, karatasi yenyewe ilipotea. Kopi inakubalika mahakamani?

Bint_Koboko: Ngojeni kwanza. Mdaiwa anajuaje kwamba mdai amebakiwa na kopi tu? Maswali haya ni ya mtu anayedai. Wewe ndiye mzee, au mwanawe, unapima kama umechelewa!

Boda_Mbale: Hata mimi nimeanza kushtuka. Mtu ana hofu ya kushtakiwa halafu anaulizia uzima wa ushahidi wa mwenzake?

Mchuuzi_Arua: Wallahi mimi ndiye ninayedaiwa. Barua imeambatishwa kopi, na mjane wa mwenyekiti ndiye aliyeniambia wanaitafuta karatasi yenyewe mpaka kwake.

Bint_Koboko: Mh.

Karani_Malaba: Awe nani, hesabu haibadiliki. Agosti 2021 weka miaka 6, unafika Agosti 2027. Ukiwa mdai, hujachelewa, ila usilale. Ukiwa mdaiwa, hujapona. Mambo ya kopi ni ya kubishania mbele ya hakimu, na ukishtakiwa kwa kesi ya kawaida una siku 15 za kuwasilisha utetezi. Ukikaa kimya, hukumu inaweza kutolewa bila wewe. Na huo mkataba wa kiwanja utakuumbua. Ukiulizwa mdogo wako alikulipa shilingi ngapi, utajibu nini?

Mchuuzi_Arua: Hakunilipa. Nikiomba kulipa laki tano kila mwezi watakubali?

Mama_Lira: Hiyo ni miezi 27. Mimi ningekubali leo hii. Mfuate mzee mwenyewe na mtu mzima wa kwenu, muandikishane, kisha wakili wake apelekewe nakala. Na kila ukilipa, dai risiti.