Mjadala: Hospitali za Mwanza zilazimishwe kuchuja antibiotiki kwa mkaa wa taka za viwandani?

Mwana Kirumba: Majitaka yakishapita mabwawa ya kuyasafisha yanaishia ziwani, na maji ya kunywa tunayachota ziwa hilohilo. Mabwawa hayakujengwa kukamata antibiotiki. Mashine za mpunga zina maganda hadi barabarani. Kwa nini tusiyageuze mkaa amilifu, ule wenye vitundu vidogo vingi vinavyonasa dawa?

Mpigamkaa: Naunga mkono, ila si maganda ya mpunga. Karibu 1/5 ya uzito wake ni majivu, mengi silika (madini ya mchanga), hayashiki dawa. Chukua maranda ya viwanda vya mbao. Loweka usiku kucha kwenye asidi ya fosforiki, asidi sawa na maranda kwa uzito au mara 2. Kausha, choma bila hewa kwa 450–500°C saa 1, kisha suuza hadi maji yafike pH 6 au 7. Hapo kwenye kusuuza ndipo watu huharibu: fosfati ya ile asidi ikibaki inavuja na kurutubisha magugumaji, na tuliyonayo yanatosha.

Mwana Kirumba: Na mapanki ya sangara, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa?

Mpigamkaa: Mapanki ni kitoweo cha watu! Halafu mkaa wa mifupa sifa yake ni kunasa floraidi. Gramu 1 ina eneo la ndani kama m² 100; wa maranda uliopikwa vizuri unaweza kuzidi 1,000.

Fundi Mtambo: Napinga. Hospitali yenye majitaka m³ 100 kwa siku inatoa kama m³ 4.2 kwa saa. Maji yakae dakika 15 kwenye mkaa, unahitaji mkaa m³ 1 na ushee, karibu nusu tani. Maabara hutumia maji safi yenye siprofloksasini, moja ya antibiotiki, miligramu kadhaa kwa lita. Mferejini ni mikrogramu, tena pamoja na sabuni, mafuta na mkojo, navyo vinawahi vitundu vyote. Mkaa unashiba mapema kuliko karatasi ya utafiti inavyosema.

Mpigamkaa: Mkuu, nani kasema uwekwe mbele? Unakuja mwisho, baada ya chujio la mchanga. Au tumia unga: gramu 20 kwa m³, yaani kilo 2 kwa siku kwa hospitali yako. Koroga nusu saa, tuliza kwa shabu.

Fundi Mtambo: Sawa, kilo 2 nakubali. Lakini tope lake? Mkaa haujaua dawa, umeihamisha tu. Ukimwaga dampo la Buhongwa, mvua inalizoa.

Mpigamkaa: Likamuliwe, likaushwe, liingie tanuri la taka za hospitali lenye chumba cha pili cha 850°C. Pipa la kuchomea uani halifiki huko.

Fundi Mtambo: Basi asiye na tanuri hilo asipewe huo mkaa.