Mjadala: Ofisa akipewa mtihani uliopangwa ashindwe, kuuchezea ni werevu au udanganyifu?

MWANZISHA MADA

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili swali ambalo wapenzi wa hadithi za kisayansi wamelibishania tangu filamu ya pili ya Star Trek ilipotoka mwaka 1982. Katika chuo cha maofisa wa anga mna mtihani uitwao Kobayashi Maru, ambamo ofisa kadeti hukalishwa kwenye kiti cha unahodha na kupokea wito wa dharura kutoka meli iliyokwama katika ukanda uliokatazwa kwa mkataba. Akiiacha, waliomo wanakufa. Akiingia, amevunja mkataba na meli za Waklingoni, maadui katika hadithi hiyo, zinamshukia, huku kompyuta ikiwa imekwisha kuagizwa kwamba asishinde kwa namna yoyote. James Kirk, mhusika mkuu wa hadithi hiyo, alipokuwa kadeti alishindwa mara mbili. Kabla ya mara ya tatu aliibadilisha programu kwa siri, akashinda, na badala ya kuadhibiwa akapewa sifa ya ubunifu.

Mimi nasema alistahili sifuri. Mtihani ule haukupima ustadi wa kupigana, bali ulipima jinsi kiongozi anavyojimudu anapojua kwamba watu wake watakufa na hana la kufanya. Kirk alilikimbia somo hilo, na filamu yenyewe inamdai: Spock, rafiki yake wa karibu, anapokufa, Kirk anakiri mbele ya mwanawe kwamba hajawahi kukabiliana na kifo hivi, kwa kuwa siku zote amekikwepa kwa hila.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mwanzisha mada, unamhukumu mtahiniwa na kumwacha mtahini. Tazama zoezi la kivita la Marekani la mwaka 2002, Millennium Challenge, lililogharimu dola milioni 250 hivi. Luteni Jenerali mstaafu Paul Van Riper aliongoza upande wa adui. Alituma maagizo kwa matarishi wa pikipiki ili mawasiliano yake yasinaswe, kisha kwa makombora na boti ndogo akazamisha meli 16 za upande wa pili, ikiwamo manowari ya kubeba ndege. Waandaaji wakaziibua meli zilizozama, zoezi likaendelea, naye akawekewa masharti yaliyomfunga mikono, hata kuziangusha ndege zilizoleta askari akakatazwa. Ikiwa wakubwa wanabadilisha kanuni katikati ya mchezo, kwa nini kadeti alaumiwe kwa kufanya hivyo hivyo?

MWANZISHA MADA

Mfano wako ni mzito, na nakiri kwamba ulinifanya nirudie hoja yangu mara kadhaa. Hata hivyo, ndugu yangu, naona unaniunga mkono bila kukusudia. Van Riper hakuingia kwenye kompyuta usiku. Alijiuzulu uongozi wa upande wake, akaandika ripoti na kueleza waziwazi kwamba zoezi limeharibiwa. Kirk hakumwambia yeyote. Tena, mtihani wa Kirk ulipangwa ili ofisa ajifunze kushindwa, ilhali zoezi lile lilirekebishwa ili wakubwa wasishindwe. Waandaaji walijitetea kwamba walikuwa na askari na mbinu nyingi za kujaribu, na wasingeweza kufunga kazi mapema. Utetezi huo una maana kama hoja ya ratiba, lakini hauwapi haki ya kuhesabu ushindi.

MCHANGIAJI WA PILI

Mwaka 2011 wahadhiri wawili wa Kimarekani, mmoja wao wa chuo cha kijeshi cha West Point, waliandika kuhusu mtihani wa namna hii: wanafunzi wa usalama wa kompyuta walitakiwa kuandika tarakimu 100 za kwanza za pai (namba ya hesabu za duara inayoanza na 3.14), na wakaruhusiwa kudanganya mradi wasikamatwe. Lengo lilikuwa wafikiri kama adui. Ningependa mwanzisha mada atujibu hapa: kama chuo cha Kirk kingetangaza ruhusa hiyo mapema, je, angebaki na kosa lolote? Kwa maoni yangu asingebaki nalo, na hapo lawama inamrudia aliyeutunga mtihani bila kusema unapima nini.