Kompyuta sita za skuli ya Micheweni, na fomu ya PIR ambayo sikuijaza

Kutoka Milton Keynes

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Nimerudi juzi kutoka nyumbani nikiwa na moyo mzito, na ninaomba msaada wa yeyote aliyewahi kukwama mahali nilipokwama mimi. Nilibeba kompyuta mpakato sita zilizotumika, tulizochanga hapa kwa ajili ya skuli moja ya Micheweni. Mbili zilizo bora niliziweka katika begi la mkononi, na nne nikazitia katika sanduku la kupakiwa chini ya ndege, kila moja nikiwa nimeiviringisha kwa kanga mbili. Tulipobadilisha ndege njiani, mfanyakazi wa mlangoni alisema kuwa nafasi ya juu ya viti imejaa, akalifunga begi langu karatasi ya mizigo na kuliteremsha chini pamoja na masanduku. Nilikuwa nimempakata mtoto aliyelala, nikaliachia bila ya kutoa kitu.

Unguja nilipokea mizigo yote, na kwa kuwa nilikuwa naiwahi boti ya kwenda Mkoani, sikufungua chochote. Siku ya pili, mbele ya walimu, ndipo nilipoona kuwa zilizovunjika ni zile mbili za begi la mkononi. Moja bawaba yake imeng'oka pamoja na kipande cha ganda. Ya pili ilikuwa na doa jeusi katika kona ya chini ya skrini, dogo kama mbegu ya papai, nalo likawa linatambaa kila tulipoiwasha, hata kufikia jioni nusu ya skrini imekuwa nyeusi. Nne za sandukuni hazikupata hata mkwaruzo.

Siku ya tano tangu kupokea mizigo niliandika malalamiko kwa barua pepe. Sasa ofisi ya madai ya shirika la ndege inanijibu kwamba bila ya PIR, ile fomu ya kuripoti mzigo ulioharibika au kupotea inayojazwa kiwanjani, hawana la kushughulikia. Swali langu ni moja: je, barua pepe ile inahesabika? Tena Disemba, inshallah, ninazo nyingine nane za kupeleka.

Kutoka Copenhagen

Binti yangu, wa alaykumu salaam, pole sana. Ukweli ni kwamba ulipotoka katika mlango wa forodha pale Kiwanja cha Karume bila ya PIR, ulijifungia mlango mwenyewe. Mimi lilinifika jambo hilo hilo kwa kompyuta ya marehemu kaka yangu, ambayo niliitia sandukuni nikidhani nguo zingeilinda. Nilipofika Wete na kuikuta diski imekufa, nilijibiwa kwamba huenda imevunjikia barabarani baina ya Mkoani na Wete, na sikuwa na karatasi ya kuwapinga. Ndani ya diski ile mlikuwa na sauti ya baba yetu akisoma maulidi. Kompyuta nilinunua nyingine, lakini sauti ile sijaipata tena. Kwa hiyo ninawaomba nyote, kabla ya safari nakilini kila kitu katika diski ya pembeni, na nakala hiyo isikae katika begi moja na kompyuta.

Kutoka Leicester

Mzee wangu, kwa heshima zote, usimvunje moyo dada yetu kwa jambo ambalo silo. PIR ni ushahidi, na ni ushahidi mzuri, lakini siyo sheria. Mkataba wa Montreal wa 1999, wa safari za ndege za kimataifa, unasema kwamba mzigo ulioharibika ulalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na uliochelewa ndani ya siku 21. Kiwango cha juu cha fidia ya mizigo tangu tarehe 28 Disemba 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria mmoja, isipokuwa uwe umetangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na ukalipia nyongeza. Siku ya tano imo ndani ya saba.

Linalonishughulisha zaidi ni hizo nane za Disemba. Kompyuta nane ndani ya sanduku la mtu mmoja si vitu binafsi mbele ya TRA, mamlaka ya mapato inayosimamia forodha. Mimi nilizuiliwa nikiwa na tano, zangu zote zikiwa na barua ya mwalimu mkuu, nikaambiwa nitafute wakala wa forodha na TANSAD, yaani hati ya kutangaza mzigo kwa forodha.

Kutoka Copenhagen

Mwanangu wa Leicester, mkataba huo nimeusoma. Unasema maandishi. Maandishi niliyoyajua mimi miaka 30 katika kazi ya uhasibu ni karatasi yenye saini na tarehe ya kupokelewa.

Kutoka Toronto

Ndugu zangu, tunazungumza fidia, na hatari iliyo kubwa kuliko skrini hamjaigusa. Dada yetu alipoliachia begi lile, je, mlikuwa na pawabenki au betri ya akiba ndani yake? Kama ilikuwemo, basi ilisafiri mahali isipotakiwa kuwepo kabisa. Betri ya lithiamu ikiumia au ikigusana nguzo zake inaweza kuwaka moto unaojilisha wenyewe. Ikiwa juu, wahudumu watauona moshi na kuipoza kwa maji. Ikiwa chini katikati ya masanduku, hakuna mkono unaoifikia. Ndiyo maana betri za akiba na pawabenki ni za begi la mkononi peke yake. Mtu akikuchukulia begi mlangoni, mwambie kwa adabu na kwa sauti inayosikika: "Nina betri za lithiamu, naomba nizitoe kwanza." Toa na kompyuta hapo hapo. Ninabeba mfuko mwembamba wa kitambaa uliokunjwa mfukoni mwa koti kwa kazi hiyo tu, nao umenifaa mara tatu.

Kuhusu ukubwa wa betri, mpaka ni wati-saa 100; baina ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika, na zaidi ya hapo abiria hapandi nayo. Kama betri imeandikwa volti na miliampea-saa tu, zidisha kisha gawa kwa 1,000: volti 11.1 mara 5,200 ni takriban wati-saa 58, kwa hiyo kompyuta za kawaida za skuli zimo ndani ya mpaka.

Zilizotumika zina jambo jengine. Zilaze mezani moja moja. Ikiwa haikai sawa, au kibodi imeinuka katikati, betri yake imevimba, na betri iliyovimba haisafiri juu wala chini. Ziangalieni pia zilizowahi kurejeshwa kiwandani: mwezi Juni 2019 Apple ilizirejesha MacBook Pro za inchi 15 zilizouzwa baina ya Septemba 2015 na Februari 2017 kwa sababu ya betri kupata moto, na aina hiyo bado inaonekana katika michango. Wacheni ibaki.

Kutoka Muscat

Ninaongeza mawili. La kwanza, ikilazimu kompyuta iende chini, izimwe kabisa. Kuifunga kifuniko ni kuilaza tu, na iliyolala huweza kuamka ndani ya nguo na kupata joto. Ile yenye diski ya kuzunguka huumia zaidi ikitikiswa inapofanya kazi. Yenye SSD haina kitu kinachozunguka ndani. Mashine ya ukaguzi ya eksirei haidhuru diski, kwa hiyo msihangaike nayo.

La pili ni jasho. Mizigo hutoka chini ya ndege ikiwa baridi, na ukiifungua Unguja katika joto la Machi, unyevu wa hewa yetu hugeuka majimaji juu ya chuma. Niliwahi kufungua sanduku nyumbani Michenzani dakika chache baada ya kufika, nikapitisha kidole juu ya ganda la kompyuta kikatoka majimaji. Tangu siku hiyo ninaiacha ndani ya begi lililofungwa saa kadhaa, mpaka ipate joto la nyumba, ndipo ninapoiwasha.

Anayepeleka kompyuta ya mezani aing'oe kadi ya picha na kile kipoza joto kizito, avibebe mbali, kwani vikining'inia ndani ya kasha hulivunja bodi. Nafasi iliyobaki ndani ijazwe sponji, si magazeti.

Kutoka Toronto

Ndugu wa Leicester, ushuru wa forodha wa kompyuta katika Afrika Mashariki ni asilimia sifuri. Usiwatishe watu.

Kutoka Leicester

Sikusema ushuru, nimesema TANSAD. Asilimia sifuri haikuondolei utaratibu wala tozo nyengine, na ofisa ana haki ya kuuliza. Dada yangu, andaa orodha yenye namba za kila mashine, barua ya skuli na barua ya sheha wa pale, na uzungumze na wakala kabla ya kununua tiketi. Idadi yenyewe kwa upande wa ndege haina tatizo, kwani mwongozo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, unaruhusu vifaa 15 kwa abiria. Ila kwa ndege ndogo za kwenda Chake uzito ni kilo 15 tu kwa nyingi ya hizo, na kompyuta nane na chaja zake zitazimaliza.

Kutoka Milton Keynes

Ahsanteni nyote, na wewe mzee wangu Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu. Pawabenki ilikuwemo, naam, na nimeshtuka niliposoma. Disemba nitakwenda na ndugu yangu ili tugawane nne kwa nne, zote zikae chini ya viti vyetu, na mfuko wa kitambaa nimeshaushona. Tukifika tutafungua kila begi pale pale kwenye mkanda wa mizigo, hata boti ituache.

Mwalimu wa Micheweni ameiunganisha ile yenye doa na televisheni ya zamani, na darasa linaitumia. Lakini ofisi imenipa muda hadi Ijumaa, na bado sijui nijibu nini. Barua pepe ile ya siku ya tano, inahesabika au haihesabiki?