"Daraja la II, TGS D" maana yake nini?

Wakuu, tangazo la Sekretarieti ya Ajira linasema "Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II, TGS D". Kiasi cha mshahara hakuna. Daraja la II ni la wazoefu?

— Hapana mkuu, hesabu inarudi nyuma: II ndiyo ya kuanzia, kisha I, halafu Mwandamizi. TGS ni ngazi za mishahara serikalini. Herufi ni ngazi, namba (D.1, D.2) ni hatua ya nyongeza ya mwaka.

— Wengi huangushwa na viambatisho, si daraja. Karatasi ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi. Weka cheti chenyewe. Shahada ya nje ya nchi ihakikiwe TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwanza.

— Na lile sharti la "barua ya maombi ipitie kwa mwajiri" linawahusu walio kazini serikalini tu.